Breki za Siku Ile

Asubuhi ya Jumamosi Fyuzi alitandika gunia chini ya gari jeupe la kampuni ya kokoto, akalala chali, akaanza kupapasa waya wa gurudumu la nyuma kushoto kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Fyuzi alikuwa fundi umeme wa magari. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahaulika pale gereji. Dereva alikaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje, ufunguo umewashwa na injini imezimwa. Mbele yake taa mbili zilikuwa zinawaka: ya njano yenye herufi tatu, A, B na S, na nyekundu ya breki.

"Zimezima?" Fyuzi aliuliza kutoka chini.

"Zinaniangalia tu."

"Na sasa?"

"Kaka, hizi taa ni wenyeji humu. Mimi ndiye mgeni."

Walikuwa wameshajaribu ya kawaida. Walikuwa wamebadilisha pedi za breki, wakaongeza mafuta ya breki, wakasafisha sensa za magurudumu yote manne kwa mswaki. Walikuwa wamechomoa betri na kuirudisha. Kila walipofanya hivyo taa zilizima mpaka getini, zikasubiri gari litoke, zikawaka tena.

Taa hizo hazikuanza kuwaka jana. Zilionekana wiki ile kwa sababu joto lilikuwa limebandua tepu nyeusi iliyozifunika. Kwenye kampuni ile kila dereva mpya alikabidhiwa ufunguo, tairi la akiba na roli la tepu nyeusi ya umeme, na hakuna aliyeuliza tepu ni ya nini. Fyuzi alipobandua ile iliyolegea, akakuta nyingine chini yake, na chini ya hiyo nyingine, kama maganda ya kitunguu. Ya mwisho kabisa ilikuwa imekatwa kwa meno. Alama za meno zilionekana, na katikati ya alama palikuwa na nafasi.

Dereva aliishika kwenye kiganja. "Hii ni ya kaka yangu," alisema. "Alikuwa na mwanya."

Kaka yake ndiye aliyeendesha gari hilo kabla yake. Siku moja mchana aliteremka nalo mteremko wa machimbo, likaishia kwenye lundo la kokoto, na yeye akaishia hapo hapo. Kampuni ilichunguza, ikasema dereva hakushika breki, ni uzembe wake. Mjane hakupewa kitu, maana mzembe halipwi. Shuleni mtoto wao akaanza kuitwa Hakushika, na mwalimu naye akazoea kumwita hivyo. Gari lilinyooshwa bodi, likapakwa rangi, na ufunguo akapewa mdogo wa marehemu, ili, kama alivyosema Meneja, riziki isitoke nje ya familia.

Fyuzi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuchomeka mashine ya kupimia alifungua boneti, akamwambia dereva azime ufunguo, auwashe tena, halafu watu wote wanyamaze. Magari ya aina ile yana pampu ndogo ya umeme inayozipa breki nguvu. Ukiwasha ufunguo inanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba, kisha inanyamaza. Fundi rangi, ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni, aliacha kupiga msasa ili asiharibu kipimo.

Walisikiliza.

"Umesikia nini?" Fyuzi aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndicho nilichosikia na mimi. Pampu imekufa. Na haikufa leo wala jana, hii imeshaota kutu mpaka rohoni." Alizipiga piga waya zake kwa bisibisi, akazikuta zina umeme. Umeme ulikuwa unafika na hakuna wa kuupokea. "Haya, niambie, linasimamaje hili gari?"

"Linasimama vizuri. Naweka tu mguu."

"Haiwezekani. Pampu ikifa pedeli inakuwa jiwe. Unasimama kwa kuomba dua na kutafuta ukuta wa mtu."

"Basi njoo ukanyage wewe."

Fyuzi aliingiza mkono, akaisukuma pedeli kwa kiganja. Ilikuwa laini, na ilikuwa imeshashuka kidogo kabla hajaigusa. Akaisikia ikirudisha nguvu, kama vile ukimshika mtu mkono naye akakushika.

"Kuna mtu anasaidia," alisema, akajifuta mikono kwenye ovaroli na kwenda kuchukua mashine.

Mashine ilisoma kwa utulivu. Gurudumu la mbele kulia, sifuri. La mbele kushoto, sifuri. La nyuma kulia, sifuri. La nyuma kushoto lilikuwa linakimbia, na kasi yake ilikuwa inapanda. Chini yake mashine iliandika kwamba pedeli ya breki imekanyagwa. Dereva alikuwa ameshatoka nje, amesimama na kikombe cha chai.

Fyuzi hakuwa mtu wa kuamini mambo haraka. Alihamisha sensa ya kushoto akaifunga kulia, na ya kulia akaifunga kushoto. Kushoto kuliendelea kukimbia. Akabadilisha waya mzima. Kushoto kuliendelea. Akapiga jeki, akafungua nati, akalitoa gurudumu lenyewe na kuliegemeza ukutani. Pale ukutani lilitulia kama gurudumu lolote lile, lakini kwenye mashine namba zilizidi kupanda. Aliposogeza uso kwenye kitovu lilikotoka gurudumu, alikuta upepo unatoka, wa vuguvugu, una harufu ya breki zilizoungua. Kokoto mbili tatu nyekundu zilidondoka kutoka mahali pasipo na kitu, zikagonga sakafu ya saruji.

"Shida nimeshaiona," alisema. "Hili gurudumu bado linateremka."

"Linateremka wapi?" Dereva aliuliza, ingawa hakuwa anauliza.

"Pale pale. Halijafika chini."

Fundi rangi alisogea, akatazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kutu. "Mimi niliwahi kupaka basi lililokuwa linapiga honi lenyewe kila likipita nyumba ya mtu liliyemgonga."

"Mkafanyaje?"

"Tukalibadilishia njia."

Dereva alimaliza chai yake, akaenda kumwita shemeji yake.

Mjane alikuwa mshonaji. Alikuja na futi ya kitambaa shingoni, na vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Fyuzi alipindua ndoo, akaifuta, akamkaribisha akae. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, pampu, sensa, waya, gurudumu. Mjane alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akaomba aonyeshwe namba, akaziangalia muda mrefu kama anavyoangalia mshono wa mtu mwingine.

Namba zilishuka ghafla, kisha zikaanza kupanda tena.

"Ameshusha gia," mjane alisema. "Hapo ni kona ya jiwe kubwa. Akifika hapo hushusha gia, halafu anakohoa."

Kwenye kitovu cha gurudumu mtu alikohoa.

"Na kile kifua bado," mjane alisema. "Nilimwambia anywe dawa."

Alikaa pale mpaka adhana ya mchana ikaisha na mafundi wengine wakarudi kutoka kula. Aligundua kwamba marehemu akifika karibu na mwisho wa mteremko, kasi hurudi pale ilipoanzia na safari inaanza upya kutoka juu. Muda wote huo neno la pedeli halikubadilika. Ilikuwa imekanyagwa juu, imekanyagwa konani, imekanyagwa chini.

"Ameshika breki," mjane alisema.

"Ameshika, mama," Fyuzi alijibu. "Tangu siku ile hajaachia."

"Sasa mbona gari halikusimama?"

Fyuzi alikuna kidevu na kuacha alama ya grisi. "Siku ile pampu ilikuwa imeshakufa. Alikanyaga, nguvu haikufika. Lakini nguvu ya mtu haipotei hivi hivi. Ilichelewa tu njiani. Breki alizozishika siku ile zinafika leo. Huyu mdogo wake akigusa pedeli, anayesimamisha gari ni marehemu."

Dereva alitazama viatu vyake.

"Na mkifunga pampu mpya?" mjane aliuliza.

"Taa zitazima. Gari litakuwa na nguvu yake lenyewe. Na yeye ataondoa mguu, apumzike."

"Atafika chini?"

"Kufika atafika, mama. Ila atafika mguu umepumzika."

Mjane alikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Tangu mazishi alikuwa amewaza mambo mengi ambayo angemtakia mume wake, mengine makubwa, ya mbinguni. Sasa yote yalikuwa yamebaki kuwa jambo moja linalouzwa dukani, kwenye boksi, na fundi wa kulifunga alikuwa amekaa mbele yake.

"Nitaongea na Meneja," alisema.

Jumatatu Meneja alikuja mwenyewe gereji, kwa sababu gari lilitakiwa machimboni na alikuwa amechoka kulipia wafanyakazi bodaboda. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuulizia watoto wa watu. Alimuuliza mjane mtoto hajambo, mjane akasema hajambo. Kisha Fyuzi akamwonyesha mashine. Meneja alivaa miwani, akasoma kasi, akasoma neno la pedeli, akainama kwenye kitovu na nywele zake zikapeperuka. Kokoto moja ikampiga kwenye kiatu. Aliiokota, akaitazama pande zote.

"Hii ni yetu," alisema. "Ya shimo la juu." Akaitia mfukoni.

"Bosi," mjane alianza, "umeona mwenyewe kwamba ameshika breki."

"Nimeona."

"Na nyie mlisema hakushika."

Meneja alivua miwani. "Mama, mimi sibishani na mashine. Ameshika. Lakini hata wewe umemsikia fundi, hizo breki zimefika leo. Siku ile hazikufika. Kwa hiyo alishika kwa kuchelewa, na kuchelewa nako ni uzembe. Hapo hapabadiliki kitu."

"Pampu ndiyo iliyokufa, bosi," Fyuzi alisema. "Ilikufa kabla yake. Taa ilikuwa inawaka, ndiyo maana akapewa tepu."

"Tepu wanapewa wote."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," fundi rangi alisema kutoka kibandani kwake, bila kumwambia mtu.

"Kilio kilishapita," Fyuzi alisema, "na maradhi yapo tu."

Mjane hakutaka mazungumzo yaende huko. Alisogea karibu. "Bosi, hilo neno liacheni kama mlivyoliacha. Mtoto ameshalizoea. Mimi naomba pampu. Mkifunga pampu atapumzika."

Meneja alimwangalia kwa huruma ya kweli. Aliingia garini, akakaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga pedeli. Ilikuwa laini. Akaachia, akakanyaga tena. Akamwambia dereva aliwashe, wakazunguka nalo uwanja wa gereji baada ya gurudumu kurudishwa, wakasimama ghafla mbele ya mapipa, wakasimama ghafla mbele ya ukuta. Kila mara lilisimama kama lilivyoambiwa.

Alishuka akiwa ameridhika. "Sasa mnataka ninunue pampu ya nini? Breki zinashikwa. Tena zinashikwa vizuri kuliko za gari langu la nyumbani."

"Anazishika yeye," mjane alisema.

"Ndiyo, na namshukuru. Alikuwa mfanyakazi mzuri."

Meneja alitoa roli la tepu nyeusi mfukoni, pale pale alipoitia kokoto, akampa dereva. Dereva alikata kipande kwa meno, kwa sababu mkasi wa Fyuzi ulikuwa butu, akakibandika juu ya taa ya njano. Akakata kingine, akakibandika juu ya nyekundu. Yeye hakuwa na mwanya. Alama zake zilikuwa za meno yaliyoshikana.

Njiani kurudi mjane alimwambia, "Shemeji, si ukatae tu hilo gari?"

"Nikikataa watampa mtu mwingine. Na mtu asiyemjua kaka atakanyaga kwa nguvu."

Kuanzia siku hiyo dereva aliacha kuvaa viatu akiwa garini. Aliviweka chini ya kiti, akaendesha peku, akawa anaweka vidole juu ya pedeli taratibu, kama anavyobisha hodi mtoto aliyefunzwa adabu. Machimboni walimcheka. Mpasua mawe mmoja alimuuliza kama mshahara hautoshi hata malapa. Dereva akajibu, "Unatosha. Tatizo humu ndani tuko wawili, na pa kuweka miguu ni pamoja."

Habari ikaenea, na kwa kuwa haikuwa na ubaya wowote, watu waliichukua kwa faida. Msimamizi wa shimo la juu aliona gari lenye breki za watu wawili linaweza kubeba mzigo wa magari mawili. Wakaanza kulipakia mifuko ya baruti, na mitungi ya gesi, na wafanyakazi waliokuwa wakiteremka kwa miguu. Waliokaa nyuma walizoea kusikia kikohozi kwenye kona ya jiwe, na wengine walijibu, "Pole." Fundi wa mashine za kusagia mawe aliuliza kama haiwezekani marehemu akahamishiwa kwenye lori kwa msimu wa mvua. Fyuzi aliitwa kuulizwa. Akasema hajui namna ya kumfungua, na angejua asingesema.

Mvua zilipoisha, dereva alianza kuona tofauti. Pedeli ilikuwa inashuka. Mwanzoni alidhani ni mawazo yake. Halafu ikawa lazima aizamishe nusu, halafu zaidi ya nusu, na gari lilisimama mbele kidogo ya pale alipotaka. Alimpelekea Fyuzi. Fyuzi alipima mafuta, akayakuta yamejaa. Akapima mipira ya breki, akaikuta mizima. Akachomeka mashine. Pedeli ilikuwa bado imekanyagwa, lakini sasa lilitokea jambo ambalo halikuwapo mwanzo: neno lilikuwa linatetemeka, linapotea kidogo na kurudi, hasa baada ya kona.

Dereva alienda kwa shemeji yake jioni, akamkuta kwenye cherehani. Alivua kofia.

"Shemeji, pedeli inashuka."

Mjane aliondoa mguu wake kwenye cherehani, gurudumu lake dogo likazunguka likasimama. "Amechoka," alisema. "Ule mguu wa kulia ulikuwa unamvimba hata zamani. Akirudi kazini nilikuwa namkanda."

Wote wawili walikuwa wanajua nafasi iliyobaki chini ya pedeli ile, na ni ndogo kiasi gani. Dereva alikwenda kwa Meneja kesho yake, akamweleza. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama gari limeshindwa kusimama hata mara moja. Dereva akasema bado. Meneja akasema basi likishindwa amjulishe.

Sasa kila siku jua likielekea kuzama, mjane huingia kwenye uwanja wa kampuni akiwa na beseni la maji ya moto yenye chumvi, amelifunika kwa sahani. Mlinzi humfungulia bila kuuliza, na siku nyingine humshikia beseni akivuka mtaro. Meneja aliambiwa, akasema haina shida, ilimradi asilowanishe zulia. Mjane hufungua mlango wa dereva, hupiga magoti kwenye changarawe, huchovya kitambaa, hukikamua, hukizungushia pedeli. Hukanda kwa vidole gumba viwili, kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa anakanda. Maji hugeuka mekundu kwa vumbi la mteremko. Pembeni mwa tepu taa nyekundu hupenya, ikamwangukia mkononi.

Wakati mwingine huongea. Humwambia mtoto amepanda darasa. Hajawahi kumwambia wanavyomwita shuleni. Akisikia upepo unavuma chini ya gari, huacha kukanda, akasubiri. "Kona ya jiwe hiyo," humwambia. "Shusha gia." Kikohozi kikitoka husema, "Haya," na kuendelea.

Asubuhi dereva hukuta pedeli imepanda, kama unene wa kidole. Ikifika jioni kidole kimeisha, na siku nyingine kimeisha na kidogo zaidi.

Mjane akimaliza hukamua kitambaa, humwaga maji mbali na magurudumu, hurudisha viatu vya kazi vya shemeji yake vizuri chini ya kiti. Kisha hufunga mlango kwa kuusukuma na nyonga, polepole mpaka ushike, bila kuubamiza, kama anavyofunga mtu anayetoka kazini na kumwacha mwenzake yuko zamu.